Umeangukia Timkat Addis Ababa? Mama Mizigo anajibu

Barua za mwezi huu zimenishangaza. Karibu nusu yake zinaulizia mji mmoja na juma moja: Addis Ababa, katikati ya Januari, wakati wa Timkat, sikukuu ya Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia. Sijui ni mikutano imezidi au tiketi zimeshuka bei. Basi walioniuliza habari za Dubai na Guangzhou wanivumilie hadi toleo lijalo. Leo nakaa Addis, mji ambao nimekuwa nikiufuata kwa ajili ya vitambaa vya pamba tangu kitinda mimba wangu hajaanza shule, na sasa ana ndevu.

*Shikamoo Mama Mizigo. Ofisi inanipeleka Addis Ababa kwenye mkutano unaoisha tarehe 17 Januari. Ndege ya kurudi ni tarehe 20 usiku. Wenzangu wananiambia tarehe 18 na 19 ni sikukuu yao, kila kitu kinafungwa, nitakaa hotelini nihesabu vigae vya darini. Simjui mtu kule na Kiamhari sijui hata neno. Nibadilishe tiketi nirudi mapema?*
Mhasibu mwoga

Marahaba mwanangu. Usibadilishe. Wenzako wamesema kweli kwamba maduka na benki vinafungwa, lakini nadhani wao hawakutoka nje.

Hata mimi mara ya kwanza ilinikuta bila taarifa. Nilitua Bole tarehe 18 mchana, pesa ya mzigo nimeishonea kwenye sidiria, hesabu yangu ni kununua kesho yake na kurudi keshokutwa. Teksi ikaenda vizuri mpaka mahali fulani ikasimama. Dereva akazima injini, akanionyesha kwa kidevu: mbele barabara imejaa watu, wote wamevaa nyeupe. Akaniteremshia sanduku langu kwa upole, akanielekeza njia kwa mkono, akaketi juu ya boneti kutazama. Nikaanza kulikokota lile sanduku peke yangu, gurudumu moja bovu, huku nikimlaani yeye na nchi yake.

Ndipo nikasikia vigelegele. Na ni vigelegele hivi hivi vyetu, ukifumba macho utasema bibi harusi anatoka. Umati ukagawanyika pande mbili, nami nikabaki katikati nisijue niende wapi. Nikatazama chini, nikaona nimesimama juu ya zulia jekundu. Vijana kama kumi wenye fulana za rangi moja walikuwa wakilitandika barabarani, kipande kwa kipande: kilichokwisha kupitwa kinakunjwa nyuma, kinakimbizwa mbele, kinatandikwa tena. Hakuna aliyenifokea. Wawili walilinyanyua sanduku langu kama mtu anavyonyanyua mtoto aliyelala, wakaliweka pembeni, na mimi nikalifuata.

Aliyepita juu ya zulia lile alikuwa kasisi amebeba kitu kichwani, kimefunikwa kwa kitambaa kizito cha nyuzi za dhahabu, na juu yake miavuli ya tarizi. Hiyo ndiyo tabot, mfano wa zile mbao za Amri Kumi zilizowekwa ndani ya Sanduku la Agano. Kila kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia lina yake, na bila hiyo jengo halihesabiwi kuwa kanisa. Muumini wa kawaida haioni hata siku moja. Karibu mwaka mzima iko patakatifu, nyuma ya pazia. Timkat ni moja ya siku chache inapotoka, na hata hapo inatoka imefunikwa. Wazee waliokuwa karibu yangu waliinama mpaka chini. Mwanamke mmoja alikuwa akilia kimya kimya huku anatabasamu. Mimi nilikuwa nimelikumbatia sanduku.

Timkat maana yake ubatizo. Wanakumbuka Yesu alivyobatizwa katika mto Yordani. Mkesha, tarehe 18, unaitwa Ketera: mchana tabot zinatoka makanisani na kusindikizwa hadi mahali penye maji, zinalala huko kwenye mahema, na watu wanakesha nazo. Alfajiri ya tarehe 19 maji yanabarikiwa na watu wanarushiwa, kisha tabot zinarudishwa makwao kwa ngoma na nyimbo. Katika miaka mirefu, ile yenye Februari ya siku 29, kila kitu kinasogea siku moja mbele, kwa hiyo Timkat inakuwa tarehe 20. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024. Angalia kalenda ya mwaka wako kabla ya kuniandikia barua ya lawama.

Sasa sikiliza ushauri wangu, maana hapa ndipo ninapotofautiana na waongoza wageni. Wao watakupeleka Jan Meda, ule uwanja mkubwa wa kaskazini karibu na Sidist Kilo, ambako tabot za makanisa mengi hukutana. Jan Meda ni pazuri, sikatai. Lakini mgeni asiyejua lugha akiingia pale anaona migongo ya watu. Mimi nasema hivi: tarehe 17 jioni uliza pale unapolala kanisa la karibu ni lipi. Nenda ulione, ujue geti lake. Kesho yake mchana simama nje ya geti hilo, tabot ikitoka ifuate kwa miguu, polepole, popote inapokwenda. Ukichoka rudi ukalale. Asubuhi ya tarehe 19 ifuate tena ikirudi. Shika tabot moja tu, usidandie dandie. Ukitembea na kundi moja saa mbili tatu, watu wanakuzoea. Atatokea kijana wa kukueleza kwa Kiingereza cha shule, atatokea bibi wa kukupa maji ya kunywa, na mtu atakuuliza umetoka nchi gani kisha awatangazie wenzake.

Na kwa kuwa ndege yako ni usiku wa tarehe 20, umepata nyongeza. Tabot za makanisa ya Mikaeli hazirudi pamoja na nyingine. Zinabaki usiku wa pili na kurudi siku inayofuata, ambayo ni sikukuu yake Malaika Mikaeli. Watu wameshapungua, waimbaji sauti zimewakauka, na hapo ndipo unaweza kuwatazama vizuri wale wanaoimba kwa safu mbili, fimbo ndefu mkononi na njuga ya chuma, wakiyumba kama mashua iliyofungwa gatini. Naipenda siku hiyo kuliko ile kubwa yenyewe.

Mambo ya lazima upesi upesi. Badilisha pesa tarehe 17, uwe na birr taslimu za siku tatu. Makumbusho ya Taifa, iliko mifupa ya Lucy, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, wa miaka milioni 3.2, yatembelee kabla ya Ketera. Wao wanamwita Dinkinesh, "wewe ni wa ajabu". Chukua sweta zito: mji uko juu, zaidi ya mita 2,300, na usiku wa Januari kuna baridi ya kung'ata masikio. Kilima kikikutoa pumzi usidhani ni moyo, hewa ni nyepesi tu. Na kama una miadi ya uwanja wa ndege siku ya msafara, toka mapema maradufu, maana hakuna dereva atakayepita katikati ya tabot hata umpe nini.

*Assalaamu alaykum Mama. Mimi ni Muislamu, nitakuwa Addis wiki hiyo kwa matibabu ya mama yangu. Je, si vibaya kwenda kutazama? Na chakula nitakula nini siku ambayo mji mzima unachinja?*
Binti wa mgonjwa

Waalaykumu salaam, na Mwenyezi Mungu amponye mama.

La dini kamuulize shehe wako, mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa. Ninachoweza kukwambia ni nilivyofanya mwenyewe, Muislamu na mtandio wangu kichwani. Nilisimama pembeni ya barabara kama jirani anayetazama harusi ya jirani. Walipoinama sikuinama, nilinyamaza tu nikashusha macho, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wahabeshi wamezoea kuishi hivyo. Mjini kwao misikiti na makanisa yanasikiana adhana na kengele. Isitoshe, mwaka 615 hivi masahaba wa mwanzo walipozidiwa na mateso Makka, Mtume aliwaelekeza Habasha kwa Najashi, mfalme Mkristo, naye akawapokea. Ukiwakumbusha hilo mezani wanafurahi sana.

Kuhusu maji: mimi sikuyafuata. Yalinifuata. Jan Meda wanarusha kwa mpira wa maji juu ya vichwa vya watu, na aliyeushika hachagui. Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba wa kitambaa. Nilirudi nyumbani nayo ndani ya mfuko wa mchele na haikuwaka tena. Kwa hiyo wewe simu yako itie kwenye mfuko wa plastiki uufunge fundo.

Chakula sasa. Pale nyama ya Mkristo Muislamu hali, na ya Muislamu Mkristo hali, na hakuna anayemnunia mwenzake. Ni desturi ya siku nyingi. Kila bucha inajulikana ya nani. Kwa hiyo ukikataa nyama huna haja ya kueleza maneno mengi, useme tu "Muslim", wataelewa. Siku za kawaida kinga yako ni chakula cha saumu yao, *ye tsom*. Jumatano na Ijumaa hawali nyama wala maziwa wala mayai, basi unaletewa injera, mkate wao mpana laini, imepangwa dengu, njegere, kabichi na mboga za majani, na shiro, mchuzi mzito wa unga wa kunde zilizokaangwa, ambao mimi ningeula mpaka kiama. Tatizo lako ni kwamba Timkat yenyewe haina saumu hata ikiangukia Jumatano. Siku hiyo jikoni kuna kuku, na wapishi wengi hawahangaiki na shiro. Nenda Merkato, maeneo ya Msikiti wa Anwar. Migahawa ya Waislamu iko huko, na msikiti uko hapo hapo. Maduka makubwa makubwa unaweza kuyakuta yamefungwa lakini hutalala njaa.

*Mama, nina hasira. Rafiki yangu wa Addis aliniandikia kwa Kiingereza tukutane saa 8 nje ya hoteli yangu siku ya Ketera. Nilishuka saa mbili asubuhi kamili. Nikasimama mpaka saa sita, simu yake haipatikani. Nikaondoka zangu kwenda kutafuta supu. Jioni ananiuliza nilikuwa wapi! Wahabeshi hawana ahadi?*
Niliyechomwa jua

Kaka yangu, nimecheka nikapaliwa. Rafiki yako alikuja. Alikuja saa nane mchana.

Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi. Jua likichomoza ndipo siku inapoanza, na saa moja baada ya hapo ni saa moja. Hata neno wanalitumia ni *seat*, sikilizia vizuri, ni ndugu wa saa. Saba ni *sebat*. Rafiki yako kichwani alikuwa na *siment seat*, saa nane, wakati tabot zinapotoka. Akaandika namba 8 kama ilivyo. Wewe ukaisoma kizungu, ukaitafsiri kuwa saa mbili asubuhi. Mngezungumza kila mtu kwa lugha ya mama yake msingekosana. Kiingereza ndicho kimewagombanisha.

Dawa yake ni fupi. Wakikutajia saa, uliza: ya Habesha au ya *ferenj*? Ferenj ni mgeni, hasa mzungu. Tiketi ya ndege daima ni ya ferenj. Kanisa, fundi cherehani na mama wa nyumbani ni ya Habesha. Hoteli ndiyo ya kuwa nayo makini, kwa sababu wa mapokezi anajaribu kukusaidia kwa kubadilisha, na wewe unajaribu kumsaidia kwa kubadilisha, mnapishana njiani.

Tukiwa hapo hapo, tarehe nayo. Kwenye matangazo ya kanisa Timkat itaandikwa tarehe 11 mwezi wa Tir. Mwaka wao una miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na mmoja mfupi wa siku tano au sita, na kuanzia Januari mpaka Septemba wako nyuma yetu miaka minane. Timkat ile ya Januari 2024 kwao ilikuwa mwaka 2016. Risiti yangu ya kwanza ya Shiro Meda, kwenye soko la vitambaa, nilitaka kuirudisha nikidhani muuzaji ananiibia, kumbe ameandika tarehe ya siku hiyo hiyo. Umuombe msamaha mwenzio, na safari ijayo umnunulie wewe supu.

*Shikamoo Mama. Nivae nini? Na naruhusiwa kupiga picha?*
Mpiga picha chipukizi

Marahaba. Vaa nyeupe. Mwanamke ajitande netela, shuka laini la pamba lenye ukingo wa rangi, ambalo linafunika kichwa na mabega. Mwanamume anaweza kutupia shuka begani. Zinauzwa Shiro Meda, kwenye njia ya kupanda Entoto. Nunua tarehe 17 au asubuhi sana ya 18, kwa sababu mchana wake wauzaji wenyewe wanakuwa msafarani. Wana msemo kwamba nguo isiyovaliwa Timkat na ichanike vipande vipande, na kweli kila mtu anavaa iliyo bora. Muuzaji atakutandikia ishirini. Chukua mkononi, ipulizie pumzi: ya kufumwa kwa mkono inapepea na kutulia, ya kiwandani inasimama wima kama karatasi. Bei ya kwanza kataa kwa tabasamu.

Picha za barabarani piga, watu wenyewe watakuita uwapige. Tabot inapopita shusha kamera. Si kwamba utakamatwa, ila utakuwa wewe peke yako umesimama na jicho la kioo wakati wengine wameinama. Kwenye mahema usisogee. Ndani ya kanisa vua viatu, ingia upande wa jinsia yako, na kamera iache mkobani mpaka mtu akuruhusu.

*Naambiwa Timkat ya kweli iko Gondar, Addis ni ya kuonyeshana nguo. Unasemaje?*
Mjuaji

Gondar kuna bwawa la mfalme Fasilides, la karne ya 17, linalojazwa maji kwa ajili ya siku hiyo, na vijana wanaruka ndani na nguo zao mara tu maji yakishabarikiwa. Ni kweli inapendeza. Lakini Gondar iko mkoa wa Amhara, ambako mapigano yalizuka mwaka 2023, kwa hiyo ulizia hali kwa watu walioko huko kabla ya kulipa chochote. Na hilo la kuonyeshana nguo, mwanangu, sikukuu gani isiyo ya kuonyeshana nguo?

*Mama, mwenyeji wangu amenialika kwao baada ya msafara kunywa kahawa. Ndege yangu ni jioni hiyo hiyo. Nitawahi?*
Mwenye haraka

Inategemea unaitaje haraka. Kwanza utatandikiwa majani mabichi sakafuni. Kisha binti wa nyumba ataketi kwenye kigoda, ataosha buni mbele yako, ataikaanga mpaka iwe nyeusi inayong'aa, na atazungusha kikaango chenye moshi chini ya pua ya kila mmoja. Wewe uupepe moshi kwa mkono ukuelekee, useme ni nzuri. Ataitwanga. Ataichemsha kwenye jebena, chungu cha shingo ndefu. Hapo hujanywa bado. Katikati mwenyeji atakukunjia tonge la injera akulishe mdomoni kwa mkono wake. Hiyo ni *gursha*, usigeuze uso, fungua mdomo, nalo litakuwa kubwa kuliko mdomo wako.

Kahawa inamiminwa raundi tatu kutoka buni ile ile. Ya kwanza *abol*, ndiyo kali. Ya pili *tona*. Ya tatu ni nyepesi kama chai ya mgonjwa, na jina lake ni *bereka*, baraka, neno lako mwenyewe. Mtu haondoki kabla yake. Mimi nilijaribu, nimeshavaa mkoba begani, nikasukumwa kitini na bibi wa miaka themanini mwenye nguvu za kuli. Hesabu saa mbili na nusu kwa kahawa, saa moja kwa kuagana mlangoni, na mwambie dereva aje saa tisa. Ya Habesha.